Albamu ya Wasanii wa Mtaani kwa Ajili ya Mbwa Waliookolewa: Hatua kwa Hatua

Nimetoka kumsaidia dada mmoja anayelea mbwa waliotupwa kutoa albamu ya nyimbo kumi za wasanii wanaoishi jirani naye. Aliogopa kwamba muziki ndio ungemshinda. Nyimbo zilipatikana upesi. Kilichotukwamisha ni hatua ya tatu. Hata kama una haraka, hiyo isome yote.

1. Taja fedha zinakwenda wapi

"Kusaidia mbwa" hakumgusi mnunuzi. Kaa na daktari wa mifugo, mwandike gharama ya kila huduma: kufunga kizazi, chanjo ya kichaa cha mbwa, dripu za watoto wa mbwa wenye parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha na kuwatapisha. Mimi hutanguliza kufunga kizazi, maana jike hubeba mimba siku 63 hivi tu, na mkichelewa mnapokea watoto wengine kabla hamjawapatia makao hawa mlio nao.

2. Omba nyimbo

Mwendee msanii ana kwa ana, mpeleke akawaone mbwa. Wimbo mmoja kwa kila msanii unatosha.

3. Ruhusa, kwa maandishi, kabla ya kitu kingine chochote

Wimbo una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ya rekodi yenyewe. Anayeimba anaweza asimiliki hata moja. Rekodi huenda ni ya aliyelipia studio, na nusu ya utunzi ni ya prodyuza.

Sisi tulinaswa na biti, yaani muziki ambao msanii huimba juu yake. Msanii wetu wa wimbo wa nne aliipakua mtandaoni mahali palipoandikwa "bure", naye akaamini kwa moyo safi. Albamu ilipotoka, wimbo ukadaiwa na kuondolewa, na malipo yakazuiwa wakati tuna watoto wanne wa mbwa kwenye dripu. Tulimtafuta prodyuza siku tatu. Alikuwa mtu mwema na alituruhusu, lakini alitueleza jambo ambalo tulipaswa kulijua: "bure" yake ilihusu matumizi yasiyo ya biashara. Ukiuza, umeuza, hata kama kila senti inakwenda kwa mbwa.

Kwa hiyo muulize kila msanii: biti imetoka wapi? Kama amenunua leseni ya kukodi, yaani amelipia kuitumia biti bila kuimiliki, isome, kwa kuwa nyingi zina kikomo cha nakala za kuuza. Kuna kipande kilichokatwa kwenye wimbo wa mtu mwingine? Ni wimbo wa zamani ulioimbwa upya? Huo unahitaji ruhusa ya mwenye utunzi hata kama rekodi ni mpya kabisa. Mimi nyimbo za namna hiyo siku hizi nazikataa, naomba nyingine.

Karatasi ya ruhusa iwe na jina la wimbo, watunzi wote na asilimia zao (zijumlishe, zifike 100), mmiliki wa rekodi, muda wa ruhusa, kama wimbo unaweza kutumika kwenye video za matangazo, na kiasi cha mapato kinachokwenda kituoni. Kila mmoja atie sahihi, prodyuza akiwemo. Iandikwe pia kwamba ruhusa si ya kipekee, ili msanii abaki huru kuuza wimbo wake kwingine. Usimwombe akukabidhi haki zake. Amekuja kusaidia, asiondoke amepungukiwa.

4. Sauti

Pokea faili za WAV, ambazo sauti yake haijabanwa. MP3, ambayo hubanwa ili iwe ndogo, iliyogeuzwa kuwa WAV hairudishi kilichokwisha kupotea. Fundi mmoja afanye masta, yaani usawazishaji wa mwisho wa sauti, ya nyimbo zote, la sivyo msikilizaji atakuwa akipandisha na kushusha sauti kila wimbo unapobadilika. Sisi tulifungua albamu kwa sekunde kumi tulizorekodi bandani: makucha ya jike mmoja mweusi yakigonga saruji, kisha bakuli la bati likisukumwa kwa pua hadi ukutani. Watu wengi waliotuandikia walitaja sekunde hizo.

5. Uza moja kwa moja

Usianzie kwenye majukwaa ya kusikiliza. Tangu 2024, Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12, na nyimbo zetu nyingi zingeishia chini ya hapo. Bandcamp, tovuti ambapo msanii huwauzia wasikilizaji muziki wake moja kwa moja, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, mbali na ada ya malipo, na mnunuzi anaweza kulipa zaidi ya bei uliyoweka. Wengi hufanya hivyo wakiona picha ya mbwa. Zipo pia Ijumaa maalumu, zilizoanza Machi 2020, ambapo Bandcamp husamehe sehemu yake. Toa albamu siku hiyo.

6. Hesabu

Andika "mapato yote baada ya makato", kisha uyataje makato. Kila mwezi watumie wanunuzi picha ya risiti ya daktari, na pembeni yake picha ya mbwa aliyetibiwa kwa fedha hizo.