Kuondoa rantaimu za Flatpak zinazojaza diski
Diski ikijaa kwenye Linux yenye Flatpak (mfumo wa kusakinisha programu), usikimbilie kufuta programu. Mara nyingi mzigo ni rantaimu za zamani, yaani vifurushi vya maktaba ambavyo programu huvihitaji ili zifanye kazi. Angalia kwanza programu ipi inategemea rantaimu ipi:

flatpak list --app --columns=application,runtime

Kisha ondoa zisizotumika:

flatpak uninstall --unused

Soma orodha kabla ya kujibu y. Rantaimu uliyoisakinisha mwenyewe kwa jina haiguswi, kwa kuwa Flatpak huibana (pin), yaani huizuia isiondolewe. Amri ya flatpak pin huonyesha zilizobanwa. Ukikuta rantaimu za GNOME 46 na 47 pamoja, si kosa: kila programu hudai toleo lake.

Usifute chochote kwa mkono ndani ya /var/lib/flatpak. Umeshafuta? Basi endesha:

sudo flatpak repair