Somo: Kuanza kukusanya sarafu za dhahabu ukiwa Mbeya

Sisi wa Nyanda za Juu tunaijua dhahabu ikiwa vumbi. Panda basi la Chunya, jirani yako huenda ana chembe zake kwenye kikaratasi cha sigara na wala hashtuki. Ila dhahabu iliyogongwa sura ya mfalme na mwaka ni somo jingine, na wengi wanaliingia kwa mkoba badala ya mzani. Nimewaona wakilia.

Hatua ya 1: nunua mzani kabla ya sarafu. Tafuta mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01, na venia, ile rula ya mafundi wa karakana. Kila sarafu ina uzito na kipenyo chake. Pauni ya dhahabu ya Uingereza ni gramu 7.98 na milimita 22.05. Faranga 20 ya Ufaransa yenye jogoo ni gramu 6.45, milimita 21. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ni gramu 33.93. Hapo wageni hubisha: "Si wanasema ni wakia moja, gramu 31.1?" Ndiyo, wakia moja ya dhahabu safi. Kinachozidi ni shaba iliyochanganywa ili sarafu isichubuke ovyo. Ndiyo maana ya karati 22. Maple Leaf ya Kanada ni karati 24, yaani dhahabu tupu, kwa hiyo yenyewe inasoma 31.1 na ni laini, inachubuka kirahisi.

Sumaku nayo iwepo, ila usiitegemee. Inakamata chuma. Shaba haivutwi na sumaku, na feki nyingi ni shaba ya njano.

Hatua ya 2: kipimo cha maji. Hiki ndicho ninachokipenda. Weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala ukuta wa glasi. Uzi umeushika wewe. Mzani utatoa namba ndogo. Kwa Krugerrand ni kama 1.94. Gawanya 33.93 kwa 1.94, unapata 17.5, yaani sarafu ni nzito kuliko maji mara 17.5, ndiyo karati 22 hiyo. Shaba ya njano ingekupa 8 na kitu. Angalia vipovu vinavyonata ukingoni, gusagusa uzi vitoke. Pauni ni ndogo, namba yake ni 0.46 tu, kosa la 0.01 linayumbisha jibu, kwa hiyo rudia mara tatu.

Kuna metali moja inayodanganya maji: tangsteni, uzito wake unakaribia kabisa ule wa dhahabu safi. Kwa sarafu ya karati 24, mpelekee mwenye mashine ya mawimbi ya sauti au ya kupima upitishaji wa umeme, maana ile ya mionzi husoma ngozi ya juu tu.

Hatua ya 3: anza na ya kawaida. Pauni ya George V inatosha. Chukua bei ya dunia ya wakia siku hiyo, gawanya kwa 31.1, zidisha kwa 7.32 (dhahabu safi iliyomo). Muuzaji ataongeza chake juu, ni haki yake, ila sasa unajua anaongeza kiasi gani. Na risiti uchukue.

Hatua ya 4: usisugue. Sarafu yangu ya kwanza niliipiga majivu na limau ing'ae, kama sufuria. Iling'aa kweli. Mnunuzi akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaona mikwaruzo, akanipa bei ya dhahabu ya kuyeyusha.

Sasa ile ambayo kila Mtanzania anaiota: tembo wa Tabora, rupia 15 za mwaka 1916. Vita vya Kwanza vya Dunia vimewabana Wajerumani waliotutawala, meli za Uingereza zimefunga bahari, sarafu haziji. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakaigonga kwenye karakana ya reli Tabora: tembo akiwa mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Ni dhahabu ya asilimia 75, gramu 7.17 hivi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu, kwa hiyo feki hazikosekani. Niliwahi kuletewa mmoja Mwanjelwa, umefungwa kwenye leso, "wa babu". Gramu 4.9. Nikaurudisha kwenye leso.

Maswali

*Makambako:* Mkuu, nina dola ya njano ya Marekani ya mwaka 2000, mwanamke na mtoto mgongoni. Nimeambiwa ni dhahabu.
Hapana ndugu, ni shaba iliyochanganywa na manganizi. Thamani yake dola moja.

*Tukuyu:* Huku mvua haikatiki. Niihifadhi vipi?
Dhahabu yenyewe haina shida, shaba iliyomo ndiyo hutoa madoa mekundu. Tumia kikasha kigumu cha plastiki. Vile vifuko laini vinavyonuka plastiki huacha utelezi wa kijani.

*Iringa:* Tanzania nayo ilitoa ya dhahabu?
Ilitoa. Mwaka 1974 kuna ya shilingi 1,500, Mwalimu upande mmoja na duma upande wa pili, gramu 33.4, dhahabu asilimia 90. Ni ya mfululizo wa kuhifadhi wanyama.

*Chunya:* Mimi ninayo dhahabu. Sonara akinigongea sarafu, si ni ileile?
Atakugongea medali, mjomba. Sarafu hutolewa na serikali. Na hiyo ghafi yako ipeleke soko la madini kwanza, usije ukaniletea kesi nyumbani.