Kuhesabu ndege wa nchi kavu kisiwani: usiache kuandika umbali

Ukifika kwenye kituo cha kuhesabia, tulia dakika 2 ndege wakuzoee, kisha hesabu kwa dakika 10. Kila ndege unayemwona au kumsikia, andika aina yake na umbali wake kwa mita. Umbali ndio wengi huuacha, nao ndio unaookoa takwimu: msitu ukisongamana, ndege wa mbali hawasikiki, hesabu inashuka ingawa wenyewe hawajapungua. Vituo viachane angalau mita 200, usije ukamhesabu ndege mmoja mara mbili. Anza kunapopambazuka, maliza kabla ya saa 4 asubuhi. Upepo ukizidi, ahirisha. Karibu na ufuko hata mawimbi hufunika sauti. Pima pia urefu wa miti na uwazi wa matawi. Mwakani rudia vituo vilevile, mwezi uleule.