Doa jeusi kwenye weupe wa jicho: namna ya kulikagua na kulitibu

Wagonjwa wetu wengi wana weusi hafifu, bapa, kuzunguka konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) za macho yote mawili. Hiyo ni rangi ya asili. Mweleze mgonjwa hivyo, aende zake kwa amani. Doa la jicho moja, lililoinuka, ni habari nyingine. Nimempokea mama aliyetiwa matone ya antibiotiki miezi kadhaa, uvimbe umeshafika ukubwa wa punje ya njegere. Iliniuma sana.

Kwanza uliza: lilianza lini, linakua? Mshauri pia apime VVU kama hajui hali yake.

Pili, kagua. Atazame chini, juu, kulia, kushoto. Pindua na kope la juu. Tia tone la ganzi, kisha sukuma doa taratibu kwa kijiti cha pamba. Likisogea na utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, liko kwenye utando. Utando ukiteleza, doa lenyewe likabaki palepale, rangi iko ndani zaidi, kwenye sklera, yaani ukuta mweupe wa jicho. Angalia mishipa minene inayolilisha, ukoko mweupe juu yake, na kama limepanda konea. Pima kwa milimita, piga picha.

Usikimbilie kusema melanoma, saratani ya seli za rangi. Kwetu Afrika Mashariki uvimbe mweusi kando ya konea mara nyingi ni saratani ya seli bapa iliyobeba rangi, ndugu wa VVU na jua kali. Macho hayatoshi kuzitofautisha. Patholojia, yaani uchunguzi wa sampuli maabara, ndiyo itakayoamua.

Tatu, mpasuaji aukate wote, na milimita 3 hivi za utando mzima (usio na ugonjwa) pembeni. Koleo lishike utando mzima, lisiguse uvimbe, maana seli hupandikizwa kirahisi. Kingo zilizobaki jichoni zigandishwe kwa baridi kali. Kabla ya kutumbukiza sampuli kwenye formalini (maji ya kuihifadhi), itandaze juu ya kikaratasi na uiache ishike kidogo. Ikijikunja, mtaalamu hawezi kusoma kingo, na kazi yote ya mezani imepotea.

Majibu yakiwa seli bapa, kidonda kikipona anza matone ya florourasili 1%, dawa ya saratani, mara nne kwa siku, wiki 4. Katika utafiti wa Kenya uliochapishwa 2016, uvimbe ulirudi ndani ya mwaka kwa takriban 11% ya waliotumia, dhidi ya 36% ya waliopewa matone yasiyo na dawa. Yanawasha na kutoa machozi. Mwambie mapema asije akaacha.

Ikiwa melanoma, papasa tezi za mbele ya sikio na chini ya taya, mpeleke kwa madaktari wa saratani, na uendelee kumwona maisha yake yote.