Kupima mng'ao wa mninga kwa flashi, goroli na mguu wa kiti

Seremala mmoja aliitazama picha ya 3D ya kabati niliyomtengenezea, akanirudishia simu. "Hii plastiki, siyo mninga." Alisema kweli. Nilikuwa nimepiga picha ubao chini ya taa, nikaubandika kwenye modeli pamoja na mng'ao wa ile taa, kisha programu ikaongeza mng'ao wake juu yake. Siku hizi sigusi rangi kabla sijautenga mng'ao.

Inawezekana kwa sababu vanishi hurudisha papo hapo sehemu ndogo tu ya mwanga, kama asilimia 4 ukimulika kwa wima. Uliobaki huzama kwenye mbao, hugongana humo ndani, kisha hutoka na ule wekundu wa mninga. Ukimulika kwa mwanga uliopita kwenye polaraizi (kichujio kinachoacha mwanga utikisike upande mmoja tu), ule ulioruka juu ya vanishi unarudi ukitikisika upande uleule, na filta ya pili kwenye lenzi inaweza kuuzuia. Uliozama unatoka umeupoteza upande huo, na nusu yake hupita.

Tafuta kamera inayotoa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalirekebisha), stendi, flashi moja, karatasi ya polaraizi ya kufunika flashi, filta ya polaraizi ya lenzi, kadi ya kijivu ya 18% (inayorudisha 18% ya mwanga) na goroli ya beringi ya lori. Goroli iwe mpya, maana yenye mikwaruzo itakudanganya.

Hatua ya 1. Fanya kazi usiku, taa zote zimezimwa. Kamera itazame chini, ubao, kadi na goroli vikiwa pamoja ndani ya fremu. Panga kila kitu kwa mkono, siyo otomatiki: f/8, ISO 100, mizani ya rangi isiyobadilika. Funga kamba ya mita 1 kwenye flashi uipimie kila mara, kwa kuwa umbali ukiongezeka maradufu mwanga unabaki robo.

Hatua ya 2. Zungusha filta ya lenzi huku ukiangalia nukta nyeupe kwenye goroli. Itafifia, itafifia, mpaka karibu ipotee. Hapo piga: hiyo ni picha ya giza. Zungusha nyuzi 90, nukta inarudi kali, piga tena: hiyo ni picha kali. Hamisha flashi na urudie, mahali 12 kuuzunguka ubao. Usidhani filta uliyoipanga mwanzo itafaa hadi mwisho: flashi ikihama, polaraizi nayo inageuka, kwa hiyo itafute giza upya kila mara.

Hatua ya 3. Fungua RAW bila mkunjo wowote wa toni (JPEG haifai, thamani zake zimeshapindwa), kisha, kwa kila mahali pa flashi, gawa picha zote mbili kwa mara mbili ya thamani ya kadi katika picha ya giza. Picha ya giza zidisha kwa 2: hiyo ni mbao tupu. Picha kali toa ya giza: huo ni mng'ao peke yake. Kama kamera ilisogea ulipogusa filta, zilinganishe kwanza, la sivyo utaona kingo mbilimbili.

Hatua ya 4. Nukta ya goroli katika picha kali inakupa mwelekeo wa flashi: L = 2(N·V)N − V, N ikiwa mwelekeo wa uso wa goroli pale ilipo nukta na V mwelekeo wa kamera. Sasa kila pikseli ya mbao tupu ina namba 12 na mielekeo 12; zidisha kila namba kwa kosine ya pembe ya flashi kutoka wima, maana kadi nayo hufifia flashi ikiinama. Tatua kwa njia ya miraba midogo kabisa (least squares), ukiacha nje zilizoingia kivulini. Vekta inayotoka, urefu wake ni rangi, mwelekeo wake ni mwinamo wa uso. Ni mbinu ya mtafiti Robert Woodham ya mwaka 1980, na vitundu vya mninga vinajitokeza vizuri ajabu.

Hatua ya 5, iliyonitesa zaidi: ukwaruzo wa vanishi, yaani uso wake ulivyo laini au wenye vikwaruzo vidogo vinavyotawanya mng'ao. Ubao bapa wenye vanishi inayong'aa sana hauonyeshi mng'ao mpaka flashi ikae karibu na kamera, kwa hiyo picha zako 12 za mng'ao zinaweza kuwa nyeusi tii. Mwombe seremala mguu wa kiti wa duara uliopigwa vanishi ileile. Uso wake uliopinda unakupa pembe nyingi kwa picha moja. Watafiti wa MERL, maabara ya Mitsubishi Electric huko Marekani, nao walipima sampuli zao 100 zikiwa tufe. Toa tena picha ya giza kwenye picha kali, utabaki na mstari mweupe. Tengeneza silinda kwenye programu, weka taa na kamera palepale, chagua GGX (fomula ya mng'ao iliyomo kwenye programu za 3D), na ujaribu ukwaruzo 0.1, 0.2, 0.3 mpaka upana wa mstari na jinsi unavyofifia pembeni vifanane.

Kuna kitu njia hii haikamati: mmeto wa nyuzi unaotembea chini ya vanishi ukigeuza ubao. Kwa kabati linalotazamwa kwa mbali nauacha.

Mwisho piga picha ya 13, flashi ikiwa mahali ambapo hukupatumia, na uilinganishe na ya kompyuta. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa nyeusi mno upande mmoja. Kamba ilikuwa imenasa kwenye stendi.