Jinsi ya kuchagua kishikwambi cha dereva wa lori, na ramani zisizotegemea mtandao

Muuzaji dukani ataanza kukusifia kamera. Mwache amalize, kisha muulize kuhusu GPS na chaji, maana kwenye kebini hayo mawili ndiyo yanayoamua kama kifaa kitakufaa au kitaishia kuchezewa gemu na watoto. Kazi yangu ni kufunga vifaa hivi kwenye malori, na huu ndio mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Hakikisha GPS imo ndani

Watu wengi hudhani GPS inakula bando. Haili. Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, laini iwepo isiwepo, mradi kipokezi chake kimo. Hapo ndipo wengi hukwama. iPad za Wi-Fi pekee hazina kipokezi hicho. Zile zinazokubali mtandao wa simu zinacho, na hufanya kazi hata usipoweka laini. Kwa Android mambo huchanganya zaidi, kwani za Wi-Fi nyingine zinacho, nyingine hazina, na kwa nje zinafanana. Soma orodha ya sifa mpaka ulione neno GPS. Ukikuta na GLONASS, Galileo au BeiDou, ambayo ni mifumo mingine ya setilaiti kama GPS, vizuri zaidi: setilaiti zinakuwa nyingi, jambo linalosaidia mabondeni na katikati ya maghorofa.

Usidanganyike na nukta ya buluu kwenye ramani mkiwa bado dukani. Kifaa kisicho na GPS huweza kukisia kilipo kwa kutumia Wi-Fi za jirani. Ukifika porini, nukta inaganda.

Kwa hiyo kijaribu. Kwenye Android kuna programu ya bure iitwayo GPSTest. Iweke, toka nje penye anga wazi, washa hali ya ndege, subiri. Kifaa kilichokaa kimezimwa muda mrefu huweza kuchukua dakika kadhaa, kwa sababu hakuna mtandao wa kukidokeza setilaiti ziko wapi; usikikatie tamaa mapema. Unataka kuona setilaiti zisizopungua 4 zikitumika, ila zikiwa 4 tu mimi siridhiki. Rudia ukiwa ndani ya kebini, maana vioo vyenye tabaka la metali la kuzuia joto hudhoofisha mawimbi.

Hatua ya 2: Umeme na joto

Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, gari dogo lina volti 12. Chaji ya gari dogo isiyomudu 24 utaiunguza siku ya kwanza, pengine pamoja na kifaa. Tafuta iliyoandikwa 12–24V.

Halafu tazama wati. Chaji ya volti 5 na ampea 1 inatoa wati 5, na kishikwambi kinachoonyesha njia huku mwanga umepandishwa hadi mwisho hula zaidi ya hapo. Utaona alama ya kuchaji inawaka, lakini asilimia zinashuka: 80, 71, 60. Chukua ya wati 18 au zaidi, na waya mfupi mzito.

Joto ni adui mwingine. Apple inasema iPad itumike kwenye joto la sentigredi 0 hadi 35, na kebini iliyofungwa juani hupita hapo upesi. Ukiegesha, kishushe dashibodini. Kama bajeti inaruhusu, tazama vile vya kazi ngumu, mfano Samsung Galaxy Tab Active3: betri yake inatoka, na inaweza kufanya kazi kwa umeme wa chaji bila betri kabisa. Kwa kifaa kinachoshinda kimechomekwa, mimi ningelipia hilo kabla ya kulipia kioo kizuri.

Hatua ya 3: Kioo na memori

Inchi 8 zinatosha. Inchi 10 zinasomeka vizuri lakini zinakula sehemu ya kioo cha mbele. Mwanga uwe niti 500 (kipimo cha mwangaza wa kioo) kwenda juu. Memori GB 64 pamoja na nafasi ya kadi, RAM GB 4. Basi.

Hatua ya 4: Ramani inayojua unaendesha lori

Google Maps unaweza kupakua eneo zima ukaendesha bila mtandao, ila hutakosa taarifa za foleni peke yake: hakuna pia pa kuandika kimo wala uzito wa gari. Itakupitisha chini ya daraja la kimo kidogo kama vile uko kwenye teksi.

OsmAnd, programu nyingine ya ramani, ina wasifu wa lori unaojaza kimo, upana na uzito. Sygic nayo ina toleo la malori, la kulipia. Pima kimo mwenyewe, sehemu ya juu kabisa ya trela au mzigo, na ulipime pia likiwa tupu, kwani springi zikipumua trela hupanda. Ukipata mita 4.1, andika 4.2.

Jua pia kuwa OsmAnd hutumia data ya OpenStreetMap, inayojazwa na watu wa kujitolea. Daraja ambalo hakuna aliyeandika kimo chake, programu haitalikwepa. Kibao cha barabarani kikipingana na ramani, fuata kibao.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla ya kupakia

Pakua ramani za njia nzima pamoja na sauti ya maelekezo. Washa hali ya ndege, chagua safari ndefu unayoijua, uone kama njia inapigwa. Kisha, kwenye barabara tulivu, ipite kwa makusudi kona uliyoambiwa ukate: ikishindwa kutafuta njia mpya yenyewe, kuna kipande cha ramani hukukipakua.

Kishikizo kifungwe chini pembeni, mbali na mkoba wa hewa, kisizibe kioo cha pembeni. Ramani zisasishe ukiwa na Wi-Fi kabla ya kila safari ndefu. Zile za Google zilizopakuliwa zina muda wa kuisha.