Kufundisha Msamiati wa Kiingereza wa Uhalifu na Sheria

Anza na vitenzi kabla ya majina ya makosa, kwa kuwa ndipo Kiswahili kinapomponza mwanafunzi. Sisi husema "nimeibiwa simu", naye akifasiri moja kwa moja huandika "I was stolen my phone", sentensi inayodai kwamba aliyeibwa ni yeye mwenyewe. Chora ubaoni mtu, simu na benki, kisha uonyeshe kwamba "steal" hufuatwa na kitu kilichochukuliwa, ilhali "rob" hufuatwa na mtu au mahali palipoporwa. Baada ya hapo mpe kila mwanafunzi aandike upya taarifa fupi ya polisi kwa vitenzi vyote viwili.

Neno "burglary" linastahili kipindi chake. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ilivyo katika ile ya Kenya, kuvunja nyumba kwa nia ya kutenda kosa huitwa "housebreaking", na kosa hilohilo likitendwa usiku ndipo huwa "burglary". Wanafunzi hubishana sana kuhusu saa, na ubishi huo huwakaza maneno kichwani kuliko orodha yoyote.

Majina ya watu wa mahakamani hayasumbui, mradi uyafuatanishe na hatua za kesi: mtuhumiwa ni "suspect", akishafunguliwa mashtaka ni "accused", na akitiwa hatiani ni "convict". Faini na dhamana huhitaji dakika chache tu.